Anajua yote ya mazingira, ila baiskeli hataki

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tabata Kimanga, Dar es Salaam. Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Shule yake iko ng'ambo ya Barabara ya Mandela, kama kilomita nne kutoka nyumbani. Yeye ndiye katibu wa klabu ya mazingira. Humu ndani hatupumui: ukitupa mfuko wa plastiki unasomewa hotuba, ukiacha taa inawaka anakuja kuizima huku anaguna. Lakini mjomba wake alimletea baiskeli nzima kabisa na huu ni mwezi wa nne imelala nyuma ya nyumba. Kutembea hataki, daladala anasema wanamnyanyasa, kila siku anadai hela ya bodaboda, 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Mdogo wake wa kike anaingia kidato cha kwanza mwakani, naye ameshaanza kusema atapanda boda kama kaka. Je, huyu mtoto ni mnafiki? Ni nini hasa kinachowafanya vijana wa umri huu wachague usafiri huu na waache ule? Na mvua zikianza nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Nimekaa na swali lako siku mbili kwa sababu limenigusa mahali.

Mwanao si mnafiki, au tuseme hajatuzidi sisi. Nimehudhuria semina kadhaa za usafiri rafiki kwa mazingira katika jiji hili. Watoa mada hushuka kwenye mashangingi, na injini huachwa zikiunguruma nje saa nzima ili dereva asikose kiyoyozi. Sijasikia mtu akiwaita wanafiki. Wanaitwa waheshimiwa. Kwa hiyo tumsamehe katibu wa klabu, angalau yeye anazima taa.

Watu wa fani yangu kwa muda mrefu tuliamini kwamba kijana akishaelewa habari za hewa ukaa na barafu ya Kilimanjaro inavyopungua, kesho yake ataiacha pikipiki. Haikuwa hivyo, si hapa wala Ulaya. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen alichapisha makala ambayo hadi leo tunaitumia kama jembe la shamba. Kwa lugha ya nyumbani anasema hivi: kabla mtu hajatenda jambo, yanapimwa mambo matatu. Yeye mwenyewe analionaje jambo hilo. Watu anaowajali watamwonaje akilitenda. Na je, anaamini analiweza? Sasa tazama: masomo ya mazingira yanagusa la kwanza tu, tena kwa pembeni. La pili na la tatu yanabaki kama yalivyokuwa. Na kwa mtoto wa miaka 16, hilo la pili lina uzito wa jiwe la kusagia.

Naomba uende nyuma ya nyumba ukaitazame hiyo baiskeli. Hukuniambia ni ya aina gani, lakini mjomba akileta baiskeli "nzima kabisa" mara nyingi huwa ni Phoenix au ndugu yake: nyeusi, fremu ndefu, keria pana ya chuma, stendi ya miguu miwili, kengele inayosikika mtaa wa pili. Ni chombo cha maana sana, hubeba gunia la mkaa bila kulalamika. Sasa jiulize, asubuhi hapo Kimanga ni nani anaonekana juu yake? Muuza mkaa. Muuza samaki na tenga lake. Mnoa visu. Mtu wa mikate. Wote wanakula jasho lao, lakini hao ndio tuliowatumia kuwatisha watoto. "Usiposoma utaishia kuuza mkaa." Umewahi kuisema? Mimi nimewahi. Miaka kumi tunamwambia mtoto kwamba baiskeli ni adhabu ya kufeli, halafu akifika kidato cha tatu tunamkabidhi adhabu yenyewe na kumtaka aiendeshe mbele ya wenzake hadi getini.

Hapo hakuna somo la tabianchi litakaloshinda. Si kwamba anaichukia baiskeli. Jioni chungulia mtaani kwenu utaona vijana wa umri wake na vibaiskeli vidogo visivyo na madigadi, wananyanyua tairi la mbele, wameweka stika, wamefunga taa za rangi kwenye spoku. Hao hao ukiwapa Phoenix ya mjomba watasema ina pancha. Kijana wangu wa kwanza nilimpa baiskeli kwa amri ya baba. Kila nikiuliza, iko kwa fundi. Wiki ya tatu nikaenda mwenyewe kwa fundi, nikaikuta imeegemezwa kwenye mwembe haina tatizo lolote. Mtoto alikuwa anamlipa fundi 500 kwa wiki aitunze. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikaanza kufikiri.

Kinachochekwa mahali pamoja ni kawaida mahali pengine. Ukienda Makunduchi au Paje, kule kusini mwa Unguja, unakutana na wasichana wa sekondari wamevaa mitandio yao wako juu ya baiskeli, wanazungumza huku wanakanyaga pedeli, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Shinyanga mtu mzima na suti yake anapakiwa kwenye keria na safari inaendelea. Wasichana wa Makunduchi hawana elimu ya mazingira zaidi kuliko katibu wako wa klabu. Walichonacho ni mama, shangazi na mwalimu waliowaona wakiendesha. Na bodaboda yenyewe anayoililia mwanao ilianza kama baiskeli: miaka ya 1960 kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walikuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kuwavusha kutoka mpaka hadi mpaka, na jina likatokana na neno la Kiingereza "border", yaani mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye zikalirithi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Nairobi. Pale kijana anaweza kusimama kituoni akaacha matatu mbili zipite zikiwa na viti vitupu, anasubiri nganya: ile iliyochorwa sura za wachezaji na wanamuziki, yenye muziki mzito na taa za buluu. Ikifika, anapanda kama anapanda jukwaani. Serikali ilijaribu kuzituliza. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano ubavuni, na michoro ikafifia kwa miaka. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, na rangi zikarudi. Sizisifii nganya kwa mwendo wake, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba huo ni usafiri wa umma, wa watu thelathini ndani ya gari moja, na vijana wanaukimbilia kwa hiari yao bila bango hata moja la mazingira. Ukijiuliza kwa nini, jibu ni kwamba ndani yake wanajiona ni watu.

Sasa turudi kwenye daladala, kwa sababu hapo mwanao ana kesi ya kweli na usimpuuze.

Siku moja nilikaa kituo cha Tabata Relini kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, na daftari langu. Daladala ya kwanza ilipofika, konda alishuka kabla gari haijasimama, akaweka mkono mlangoni kama kizuizi cha reli. Watu wazima wakapita chini ya mkono. Wanafunzi wakasukumwa nyuma: "Denti ngojeni, wawili tu, wawili!" Walikuwa kumi na moja. Ya pili haikusimama kabisa, ilipunguza mwendo tu ikashusha mtu. Ilipokuja ya tatu nikamwona kijana mmoja, mrefu, akatoa koti jeusi kwenye begi, akalivaa juu ya shati la shule, akafunga zipu mpaka shingoni. Akapita chini ya mkono wa konda, akalipa nauli ya mtu mzima. Wenzake hawakushangaa hata kidogo. Kwao ile ilikuwa mbinu ya kila siku.

Konda si shetani. Nauli zilipopandishwa Desemba 2023, safari fupi ya mjini ilifika 600 kwa mtu mzima, na mwanafunzi alibaki 200. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Jioni wanatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ndicho chao. Kila kiti anachokalia mwanafunzi kinawatoa 400. Wakijaza wanafunzi thelathini, 12,000 imeyeyuka kwa safari moja. Serikali ilimpunguzia mwanafunzi nauli, ikamwachia konda bili. Kumkataa mwanafunzi ni kosa na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wanalijua, lakini alfajiri ile pale kituoni afisa hayupo. Linganisha na mwendokasi, yale mabasi yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Ndani tunabanana kama dagaa, sikatai. Lakini mwanafunzi analipa kabla ya kupanda, anapita getini kama wengine, na dereva hana habari nani kalipa ngapi kwa kuwa hapeleki hesabu kwa mtu. Hakuna mkono mlangoni. Tofauti hiyo ndogo ina thamani kubwa kwa mtoto ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachomoza.

Kwa hiyo mwanao aliposema daladala wanamnyanyasa, alikuwa anakupa taarifa. Bodaboda inamwita "bosi". Inamfuata hadi kwenye uchochoro wenu. Inamuuliza anakwenda wapi, na haijali sare yake kwa sababu analipa bei ya kila mtu. Ukiweka hivyo viwili kwenye mizani, 200 kwa kusukumwa na 1,500 kwa kuitwa bosi, wewe ungepanda ipi ukiwa na umri ule na hela ya mama?

Bado kuna la tatu, lile la kuamini unaweza. Shule iko ng'ambo ya Mandela. Hiyo ni barabara ya malori ya bandarini, na wewe unajua malori yale yanavyoshuka usiku na alfajiri. Mtoto akikwambia kutembea "hataki", mara nyingine anamaanisha anaogopa na hawezi kulisema neno hilo mbele ya mama. Mwendo una hesabu yake: gari likimgonga mtu kwa kilomita 30 kwa saa, wengi hupona, likifika 50, ambayo ndiyo ruhusa ya sheria yetu kwenye makazi, uwezekano wa kufa unapanda sana. Na unajua mwenyewe ni wangapi wanakwenda 50.

Jambo hili linatibika, tena limetibiwa hapa hapa Dar. Shirika la Amend lilipita kwenye shule za msingi moja baada ya nyingine, likapima watoto wanagongwa wapi, kisha likaweka matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, na mahali pengine likahamisha geti la shule likaelekea barabara tulivu. Saruji na rangi, basi. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kwanza kabisa ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha miji cha taasisi ya World Resources Institute, ukashinda miradi ya miji mikubwa ya dunia. Nakutajia hili ili ukienda kwenye kikao cha wazazi uwe na cha kusema. Vikao vyetu vinajadili rangi ya soksi saa mbili, na kivuko cha mbele ya geti hakiingii hata kwenye mengineyo.

Hesabu ya fedha uliyoniandikia nimeifanya mwaka mzima. Bodaboda ya 3,000 kwa siku 194 za masomo ni 582,000. Daladala kwenda na kurudi ni 77,600. Ya moshi ni ya kukadiria tu, lakini haiko mbali na ukweli. Pikipiki ya kawaida hunywa kama lita mbili na robo za petroli kwa kilomita 100. Kosta ya dizeli inakunywa labda lita 18, ila imebeba watu arobaini na waliosimama. Ukigawa kwa kichwa, abiria mmoja wa boda anatoa hewa ukaa kama mara nne ya aliyebanana kwenye daladala, na hapo hatujahesabu boda inavyorudi kijiweni tupu. Mwanao anazijua hizi hesabu, pengine kuliko mimi. Alishawahi mwanafunzi mmoja kuniuliza: je, tukipanda mshikaki watatu, si tunakaribia daladala? Kwa moshi, ndiyo, nikamjibu. Kwa wodi ya mifupa pia mnakaribia. Darasa zima likacheka, lakini sidhani kama kuna aliyeacha.

Sasa nikwambie ningefanya nini nikiwa kwako, na mengine nimeyafanya nikashindwa, kwa hiyo usiyachukue kama msahafu.

Kwanza acha kumtajia mazingira. Kabisa, kwa miezi miwili. Kila unapomwambia "wewe si ndiye mtu wa mazingira", unamlazimisha achague kati ya klabu na heshima yake, na ataiacha klabu. Badala yake mpe hela ya wiki nzima Jumapili jioni, si ya siku. Sasa hivi anakumaliza 15,000 kwa wiki. Mpe 7,000 na umwambie ni yake, apange safari zake tano mwenyewe, kitakachobaki hutauliza. Akipanda boda siku mbili za kwanza, kwenda na kurudi, atagundua Jumatano amebakiwa na 1,000 tu. Akichanganya, boda siku moja, daladala siku mbili, baiskeli siku mbili, anabaki na hela ya bando. Wapo watakaokwambia hiyo ni rushwa. Mimi naona mtoto hawezi kujifunza kuchagua kama hana cha kuchagulia. Akipewa 3,000 kila asubuhi ya kwenda kwa boda, ameshachaguliwa tayari.

Kuhusu baiskeli, mwombe mjomba radhi na mruhusu kijana aibadilishe. Ndiyo, ile nzima kabisa. Aende kwa fundi ang'oe keria, aondoe madigadi akitaka, apake rangi anayoijua yeye, ashushe siti. Au aiuze aongezee anunue ya mtumba yenye gia, inayomfanana. Baiskeli aliyoigusa kwa mikono yake ataipanda. Ya kupewa na wazee italala nyuma ya nyumba mpaka kuku watage juu yake. Lakini breki usimwachie yeye. Breki mbili zinazokamata, hilo simama nalo wewe, na kofia ngumu hata kama atanuna.

Jumapili asubuhi barabara ikiwa imetulia, itembeeni njia nzima pamoja, au umtume huyo mjomba. Msitafute njia fupi, tafuteni njia tulivu, hata ikiongeza nusu kilomita kupita mitaa ya ndani. Penye Mandela kanuni ni moja: anashuka, anaikokota, anavuka na waenda kwa miguu. Kilomita nne kwa mwendo wa pole ni dakika ishirini na ushee, kwa hiyo akitoka saa kumi na mbili bado kuna ubaridi. Abebe shati jeupe kwenye begi na aende na fulana, abadilishe akifika. Usidharau hili la jasho. Kijana wa kidato cha tatu anayeingia darasani shati limeganda mgongoni, na mbele yake kakaa msichana anayempenda, hatapanda baiskeli tena hadi kiama.

Kisha mwulize shuleni anaifungia wapi. Shule nyingi nilizopita hazina hata bomba la chuma la kufungia baiskeli. Zinaegemezwa karibu na jiko, na mpishi akihitaji nafasi anazirundika. Mwalimu mkuu ana kivuli cha kuegesha gari lake. Kipande cha bomba mita tatu kilichochomelewa karibu na chumba cha mlinzi hakizidi uwezo wa wazazi wachache wakichangishana, na hiyo ingekuwa kazi ya maana kwa klabu ya mazingira kuliko kupanda mti ule ule kila mwaka mbele ya mgeni rasmi.

Na asiende peke yake. London walipofanya mabasi kuwa bure kwa walio chini ya miaka 16 mwaka 2005, watafiti waliofuatilia walikuta kwamba kwa vijana wengi basi lilikuwa mahali pa kuwa pamoja, si chombo cha kufika tu. Hapa ni hivyo hivyo. Mmoja kwenye baiskeli anachekwa, wanne ni genge. Mwambie tu kwamba wenzake wawili watatu wa Kimanga wanaruhusiwa kupitia kwenu asubuhi wanywe chai. Yaliyobaki watayapanga wenyewe, na hutaambiwa yote.

Binti yako sasa, na hapa natulia kidogo.

Mazoea ya usafiri ni kama njia ya mbuzi, ikishapitwa mara nyingi hakuna anayefikiri tena. Ajzen huyo huyo na wenzake Sebastian Bamberg na Peter Schmidt walichapisha mwaka 2003 utafiti wa wanafunzi wa chuo katika mji wa Giessen, Ujerumani. Walipoletewa tiketi ya basi ya muhula mzima iliyolipiwa kabla, wanafunzi waliopanda basi waliongezeka, na mazoea yao ya zamani yakapoteza nguvu kwa sababu hali ilikuwa imebadilika. Ninachotaka ukione ni kwamba kuna dirisha. Shule mpya, njia mpya, sare mpya, hapo ndipo mtu hufikiri upya. Kaka mtu dirisha lake lilishafungwa miaka mitatu iliyopita, utalifungua kwa nguvu. Binti lake linafunguka Januari. Wiki mbili za kwanza atakavyokwenda ndivyo atakavyokwenda hadi kidato cha nne.

Na kwake bodaboda si suala la moshi wala la 582,000. Wewe ni mama, unajua habari za lifti. Dereva wa kijiweni anampakia bure Jumatatu, Jumanne anamnunulia chipsi, na kufikia mwezi wa tatu mtoto ana deni asilojua analilipaje. Madereva wengi ni vijana wa watu, wana wadogo zao. Lakini wachache wanatosha. Kwa hiyo kwake nisingeanza na baiskeli wala boda. Ningetafuta sasa hivi, kabla shule hazijafungwa, wasichana wengine wa mtaa wenu wanaokwenda upande huo huo, waende kundi, kwa miguu mpaka kituoni na kwa daladala kuanzia hapo, na kaka yake avuke nao Mandela wiki ya kwanza. Ataguna. Mwache agune, ilimradi avuke nao. Kama ipo siku lazima boda, basi awe dereva mmoja unayemjua kwao, unayemlipa wewe kwa mkono wako, na mtoto asishike hela wala namba yake. Akitaka baiskeli mwenyewe, mfundishe Jumapili kama kaka yake, na majirani wakitoa macho, watachoka.

Jambo moja nitakuomba bila kukutazama usoni. Watoto wanasikiliza tunavyosema habari za gari. "Mungu akijalia mwakani tutaacha kudhalilika kwenye madaladala." Sisi wote tunalisema, na gari si dhambi. Ila siku ukirudi na daladala, usianze na kulaani. Simulia kichekesho cha konda, mbona huwa wapo. Mtoto anayekuona unadhalilika kila siku atafanya lolote asikufuate huko.

Na mvua. Masika hayana ubishi katika jiji hili. Bonde la Jangwani likijaa maji hata mwendokasi husimama. Siku hizo mpe nauli bila maneno, daladala ikipatikana apande daladala, isipopatikana apande boda, na usimkumbushe mpango. Baiskeli iingizwe ndani, hata kama ni koridoni. Mnyororo ufutwe kwa kitambaa kikavu kisha upakwe mafuta ya cherehani, matone machache tu, maana grisi nzito inashika mchanga. Matairi yajazwe upepo mara moja kwa wiki hata kama haitoki, ili siku jua likirudi asiwe na sababu ya kwenda kwa fundi.